Dakika Mbili za Kituo cha Mji: Kinachogombaniwa Katika Televisheni ya Marekani

Mwishoni mwa Oktoba 2025, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa pendekezo la kuviruhusu vituo vya televisheni vya nchi hiyo kuzima mawimbi ya kidijitali yanayotumika sasa na kuhamia moja kwa moja kwenye mfumo mpya unaoitwa ATSC 3.0, kila kituo kwa wakati kitakaoona unafaa. Tangu Novemba 2017, mfumo huo ulipokubaliwa kwa hiari, kituo kilichoamua kuutumia kilipaswa kuendelea kurusha vipindi vyake vikuu katika mfumo wa zamani pia, ili mwenye televisheni ya kawaida na antena yake asije akaachwa gizani. Sharti hilo ndilo linalotakiwa kuondolewa. Katika mazungumzo mengi habari hii imepokewa kama suala la picha: kwamba Wamarekani wanatoka kwenye HD, yaani picha ya ubora wa juu, kwenda kwenye 4K, iliyo kali zaidi, na kwamba wanaopinga ni watu wagumu wa kuachana na vifaa vya zamani. Nadhani usomaji huo umekosea mahali pa msingi. Kinachogombaniwa ni mapumziko ya matangazo ya biashara, hasa zile dakika chache ndani ya kila saa ambazo ni mali ya kituo cha mji na si ya mtandao mkubwa wa kitaifa. Historia nzima ya HD katika vituo hivyo inaonyesha kwamba picha imekuwa ikifuata mahali fedha za matangazo zinapoelekea, na mara chache sana mambo yamekwenda kinyume chake.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tuuweke kando mpangilio tuliouzoea Afrika Mashariki, ambako kituo kikubwa cha Dar es Salaam au Nairobi hurusha kipindi kilekile na tangazo lilelile kutoka Mtwara hadi Kagera, au kutoka Lamu hadi Turkana. Marekani imegawanywa katika masoko 210 ya televisheni, na katika kila soko majina kama ABC, CBS, NBC na Fox, ambayo ndiyo mitandao ya kitaifa ya televisheni, humfikia mtazamaji kupitia kituo cha eneo hilo chenye leseni yake, mnara wake na idara yake ya mauzo. Vichache humilikiwa na mitandao yenyewe; vilivyo vingi ni vya kampuni nyingine, kama Nexstar, Sinclair, Gray na Scripps, zilizoingia mkataba na mtandao. Mtandao hutoa tamthilia, mechi na habari za kitaifa, na kituo huongeza habari za mji, hali ya hewa na vipindi vilivyonunuliwa kwingine. Ndani ya saa ya mtandao, sehemu kubwa ya mapumziko huuzwa na mtandao kwa kampuni za kitaifa, kisha huachwa upenyo wa dakika moja au mbili ambao kituo huujaza kwa matangazo ya muuza magari, hospitali, wakili wa ajali za barabarani na, kila unapofika mwaka wa uchaguzi, wagombea. Upana wa upenyo huo ulionekana kwa namna ya kuchekesha Februari 2012, wakati wa Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, siku ambayo sekunde 30 za kitaifa huuzwa kwa mamilioni ya dola. Mchekeshaji Will Ferrell alitokea katika tangazo la bia ya Old Milwaukee lililorushwa katika soko la North Platte, Nebraska, mojawapo ya masoko madogo kabisa nchini humo. Anatembea shambani amevaa kaptula, anarushiwa kopo, analidaka, analifungua, na tangazo linakatika kabla hajamaliza kutamka jina la bia. Watazamaji zaidi ya milioni 100 waliokuwa wakiangalia mechi ileile kwingineko waliona kitu kingine kabisa.

HD iliingia katika mpangilio huu kwa mlango wa mtandao. Walikuwapo waliotangulia: WRAL ya Raleigh, North Carolina, ilianza kurusha mawimbi ya HD mwaka 1996 kwa leseni ya majaribio, na mwaka 2000 ikatoa taarifa ya habari iliyotengenezwa yote kwa HD. Lakini kwa vituo vingi, tamthilia za usiku na mechi zilikuja zikiwa HD kutoka makao makuu, CBS na NBC wakichagua picha ya mistari 1080 inayopishana, ABC na Fox mistari 720 kamili, huku kamera za studio, magari ya habari na mashine za kuhifadhia matangazo za kituo chenyewe zikibaki za kizazi kilichopita kwa miaka. Mtazamaji wa enzi ile, kabla na baada ya analojia kuzimwa tarehe 12 Juni 2009, hakuhitaji kuelezwa. Mechi imejaa kioo kizima, majani ya uwanja karibu yanahesabika. Mapumziko yanaingia, na tangazo la gari la kampuni ya kitaifa nalo limejaa kioo. Halafu ghafla picha inasinyaa katikati, mistari miwili mieusi inajitokeza pembeni, sauti iliyokuwa ikizunguka sebule inabanwa kwenye spika mbili, na muuza magodoro wa mjini anaanza kupiga kelele. Pengine tangazo lenyewe lilikuwa limepigwa kwa umbo pana, likabanwa liingie umbo la zamani, kisha likabanwa tena liingie HD, hata likabaki dirisha dogo lililozungukwa na weusi pande zote nne.

Hali hiyo mara nyingi ilihesabiwa kuwa uzembe wa vituo vya mikoani, na hapo ndipo hesabu zao zilipoeleweka vibaya. Muuza magodoro alilipa bei ileile tangazo lake likiwa HD au lisipokuwa HD. Ili limfae mwenye kioo kipana, kituo kilihitaji seva mpya ya matangazo, mtambo mpya wa kubadilishia picha, enkoda mpya na waya zake, na mteja naye alihitaji kupiga upya tangazo ambalo machoni pake lilikuwa bado linauza. Hakuna senti iliyoongezeka. Vituo vilibadilisha mitambo pale tu mawakala wa wateja wakubwa walipoanza kuleta matangazo ya HD na kulalamika yanaporushwa kwa ubora wa chini. Inafaa pia kutazama ubunifu wa kiufundi ulielekezwa wapi. Ndani ya mawimbi ya mtandao hufichwa ishara inayoiambia kompyuta ya kituo kwamba sasa ni zamu yako. Kompyuta huendesha orodha ya matangazo na kurudisha mawimbi ya mtandao kwa hesabu ya sehemu za sekunde. Orodha ikipungua kidogo, kioo kinakuwa cheusi au unachungulia kipande cha tangazo la mtandao ambalo hukupaswa kuliona. Ikizidi, mechi inarejea mpira ukiwa tayari hewani. Tangu 2004 Fox iliwapa washirika wake mtambo wa kushona tangazo la kituo ndani ya mawimbi yaliyokwisha kugandamizwa, bila kuyafumua na kuyagandamiza upya, ili picha isipoteze ubora njiani. Fedha na akili nyingi kiasi hicho zilitumika kwenye mshono, mahali ambapo kipindi kinakutana na tangazo. Na kazi iliyokuwa ya fundi mmoja aliyekaa usiku kucha katika chumba cha mitambo cha mji wake, siku hizi mara nyingi hufanywa kutoka kituo kikuu cha kampuni kilichoko jimbo jingine, kikiendesha orodha za miji mingi kwa pamoja.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni biti, yaani kiasi cha data ambacho mawimbi yanaweza kubeba. Kila kituo kina masafa ya megahezi 6, na katika mfumo wa sasa masafa hayo hubeba megabiti 19.39 kwa sekunde, ambazo zilitosha kwa picha moja ya HD iliyoshiba. Sheria, hata hivyo, haijawahi kudai HD. Inamtaka mwenye leseni arushe bure angalau kipindi kimoja kisichopungua ubora wa ile analojia ya zamani, na kinachobaki ni uamuzi wake. Uamuzi wake ukawa kugawa: kituo kikuu cha HD, kisha pembeni yake chaneli ndogo za filamu za zamani, za mashauri ya mahakamani, za tamthilia zilizorushwa enzi za baba zao, kila moja ikiwa na mapumziko yake ya matangazo ya dawa za maumivu ya viungo na bima. Kila chaneli ndogo iliyoongezwa ilinyang'anya biti kwenye HD ya kituo kikuu, na ndiyo maana maji yanayotimka, moshi na umati wa uwanjani hugeuka vijisanduku kwenye kioo ambacho mwenye nyumba alielezwa ni cha ubora wa juu. Baadaye ukaja mnada wa masafa uliofungwa mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 19.8, ambako baadhi ya vituo viliuza masafa yao na kuhamia kwenye masafa ya jirani, viwili ndani ya megahezi 6. Kisha ATSC 3.0 yenyewe ikaongeza msongamano. Kwa kuwa hakuna aliyepewa masafa ya pili, vituo vya soko moja hulazimika kusaidiana: kimoja hujitolea mnara wake kurusha mfumo mpya kwa niaba ya wenzake, nao humbebea kipindi chake kikuu katika mfumo wa zamani. Matokeo yake, safari inayotangazwa kuwa ya kwenda kwenye picha bora zaidi imepunguza, katika miji mingi, ubora wa picha ambayo watu wanayo leo.

Kuhusu urefu wa mapumziko yenyewe, sheria ya Marekani iko kimya kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1984 FCC iliondoa mwongozo wake wa kiasi cha matangazo kwa saa. Uliobaki ni ukomo wa vipindi vya watoto, dakika 10 na nusu kwa saa mwishoni mwa wiki na dakika 12 siku nyingine, uliotokana na sheria ya 1990, pamoja na sheria ya 2010 iliyoanza kutumika Desemba 2012, inayokataza tangazo kuwa na sauti ya juu kuliko kipindi kinacholizunguka. Umoja wa Ulaya, kwa kulinganisha, umeweka ukomo wa asilimia 20 ya muda kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na asilimia 20 nyingine hadi saa 6 usiku. Kwa hiyo Marekani inadhibiti kelele ya tangazo na inamlinda mtoto. Dakika na biti imeziachia soko.

Ukiyaweka haya yote pamoja, sababu ya vituo kuutaka mfumo mpya inasomeka bila miwani. ATSC 3.0 ni bora kiufundi. Hilo halina ubishi. Mawimbi yake hushika vizuri zaidi ndani ya nyumba, na njia yake ya kugandamiza picha, HEVC, inahitaji sehemu tu ya biti zinazotafunwa na MPEG-2, njia ya mfumo wa sasa iliyobuniwa miaka ya 1990. Lakini kiini chake ni kwamba umejengwa juu ya lugha ileile ya intaneti. Televisheni iliyounganishwa na intaneti inaweza kupokea kipindi kutoka hewani na tangazo kutoka kwenye seva, jirani wawili wakatazama mechi moja na kuonyeshwa matangazo mawili tofauti, na kituo kikapokea taarifa ya nani alitazama nini na kwa muda gani. Zile dakika mbili zilizokuwa zikiuzwa mara moja kwa mji mzima sasa zitaweza kuuzwa mara nyingi kwa wakati uleule. Biti zinazobaki nazo zina mnunuzi: Januari 2025 Scripps, Gray, Nexstar na Sinclair zilitangaza kampuni ya pamoja, EdgeBeam Wireless, ya kuuza huduma ya kusafirisha data kwa mawimbi ya televisheni. Picha ya 4K iliyopigwa kwa 4K tangu mwanzo, kwa upande mwingine, ni adimu katika vituo hivi hata baada ya miaka yote hii ya mfumo mpya kuwapo.

Hoja ya wamiliki wa vituo si ya kudharauliwa. YouTube na Netflix wanauza matangazo yanayomlenga mtu mmoja mmoja, hawana wajibu wowote wa kurusha habari za baraza la mji au onyo la kimbunga, na mteja aliyekuwa akinunua sekunde 30 za kituo cha mji kama Toledo, Ohio, leo anapeleka fedha kwenye simu za watu wa Toledo. Chumba cha habari cha mji wa kati kinaishi kwa mapumziko hayo na kwa ada ambazo kampuni za kebo na setilaiti hulipa kwa kubeba kituo. Ukimnyima muuzaji huyo chombo ambacho washindani wake wote wanacho, kisha ukamdai aendelee kuwalipa waandishi, unadai miujiza. Chama cha Kitaifa cha Watangazaji, NAB, kiliomba Februari 2025 tarehe rasmi: Februari 2028 kwa masoko 55 makubwa, na Februari 2030 kwa yaliyobaki. Ombi hilo, ukilipenda au usilipende, lilikuwa na kalenda.

Wapinzani nao wana hoja za uzito tofauti. Watengenezaji wa vifaa wanasema kulazimisha kila televisheni iwe na kipokezi kipya kutapandisha bei, na LG iliondoa kipokezi hicho kwenye televisheni zake za 2024 kwa soko la Marekani kutokana na mgogoro wa hataza. Lenye uzito zaidi ni kwamba vituo vingi vimeufunga mfumo mpya kwa usimbaji, hata kipindi cha bure kinahitaji kifaa kilichoidhinishwa ili kifunguliwe. Jambo la ajabu kwa masafa ya umma yaliyotolewa kwa ahadi ya utazamaji wa bure. Hoja yao dhaifu ni ile ya kutaka mfumo wa sasa ubaki bila ukomo. MPEG-2 ikiendelea kula masafa, msongamano niliouelezea utaendelea kuiharibu HD ileile wanayoitetea.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayoliunga mkono pendekezo la FCC kwa kusema kwamba hakuna kituo kitakachozima mawimbi ya zamani mapema, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara anayejinyima watazamaji wake. Inasikika kama busara hadi uangalie kituo kinalipwa na nani. Chini ya sheria ya kebo ya 1992, kituo kinaweza kuidai kampuni ya kebo ada kwa kila nyumba inayokipokea. Nyumba ya kebo inalipa mara mbili, kwa ada na kwa kuhesabiwa katika mapumziko ya matangazo. Nyumba ya antena inahesabiwa katika mapumziko peke yake, na hata hapo haitoi taarifa zozote kuhusu waliomo. Zaidi ya hayo, kila familia inayoachana na kebo na kufunga antena dirishani inaondoka na ada yake. Ni mtazamaji ambaye kituo kinaweza kumudu kumpoteza kwa muda, hasa kama kumpoteza kutamsukuma anunue kifaa kipya kilichounganishwa na intaneti. Na nani hasa anatumia antena? Wazee wa vijijini wapo, na vijana wanaokwepa bili wapo, lakini wapo pia wageni: familia za Wakongomani wazungumzao Kiswahili, Wasomali na wengine waliopewa makazi katika miji ya Marekani, ambao antena ya bei nafuu ya dukani ndiyo televisheni yao. Kwao taarifa ya tufani ya saa 11 jioni haiji kwa njia nyingine iliyo bure.

Sisi wa upande huu tuliwahi kupita kwenye tanuri hili, na kwa hiyo tunaweza kuona kinachokosekana. Tanzania ilizima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na watu wakaenda kununua ving'amuzi wakinung'unika, lakini tarehe waliijua. Kenya ilisuasua mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Septemba 2014, na Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa wiki kadhaa. Serikali iliueleza mgogoro ule kama wa teknolojia na ukomo wa kimataifa wa 17 Juni 2015. Wenye vituo waliuona kama wa nani atashika mtambo wa kusambaza mawimbi, kwa maana aliyeshika mtambo anasimama kati ya kituo na mtazamaji anayeuziwa matangazo. Naona wenye vituo walikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa kukaa kimya hewani hakukuwasaidia watazamaji wao. Pendekezo la FCC lina kasoro ambayo hata sisi hatukuwa nayo: halina siku moja ya kuhama. Katika mji mmoja NBC inaweza kuondoka Mei, Fox mwakani, na ABC isiondoke kabisa, na mwenye kioo cha zamani akawa anapoteza chaneli moja baada ya nyingine bila kujua kama ni antena iliyoharibika au ni uamuzi wa kikao cha bodi mahali fulani.

Kama tume itaondoa sharti la kurusha mifumo miwili, basi kuna masharti mengine yanayopaswa kuchukua nafasi yake, na hayahusu idadi ya mistari kwenye kioo. Kipindi kikuu cha kila kituo kibaki wazi bila kufungwa kwa usimbaji. Kila soko lihame kwa siku moja iliyotangazwa, kukiwa na msaada wa kununulia kifaa kama ule wa kuponi za dola 40 uliotolewa wakati wa kuzima analojia. Kiwango cha chini cha ubora wa picha kiandikwe upya, maana kile cha sasa kinapimwa kwa analojia iliyokwisha kufa. Na kuhusu mapumziko yenyewe, anayepokea tangazo lililochaguliwa kwa ajili yake apewe nafasi ya kukataa na bado aione mechi. Sharti hili la mwisho ndilo litakalopingwa kwa nguvu zote. Linatuhusu na sisi, kwa kuwa televisheni janja zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue tayari zinaweza kurekodi kinachotazamwa, iwe kimetoka hewani au kwenye king'amuzi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila leseni za televisheni kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya maudhui na masafa. Zitakapofanyiwa mapitio, kipengele kinachohitaji kuongezwa ni kile kinachosema rekodi ya kilichotazamwa sebuleni ni mali ya nani, na kama kituo, msambazaji wa mawimbi au mtengenezaji wa kioo ana haki ya kuiuza bila idhini ya mwenye nyumba.